Ukisimama kwenye ajali, muhali uache garini

Mwana wa Mtambile

Assalaam alaykum wanajamvi. Uzi huu mrefu, nimeuandika kwa siku tatu, asiye na wasaa auweke aurudie baadaye. Nazungumzia ajali za barabarani, lakini si kwa upande wa aliyegonga wala aliyegongwa. Nazungumza na wewe unayepita na gari yako, umeona honda (pikipiki) imelala, mtu yuko chini, na mguu wako uko baina ya breki na mafuta.

Mimi nasambaza mikate madukani, Chake mpaka Mkoani, siku sita kwa wiki. Barabara ile naijua kona kwa kona. Asiyeijua Pemba ajue tu kwamba ni kisiwa cha vilima: unapanda, unashuka, unakata kona, na kona nyingine huoni mbele mpaka umeshafika katikati yake. Ukija msimu wa karafuu ndio mtihani zaidi. Pembezoni mwa lami kumetandikwa majamvi, karafuu zimeanikwa, watoto wanazilinda, na honda zinapita na gunia nyuma, nyengine magunia mawili, zinakwenda kupima.

Mwaka juzi, vuli, narudi kutoka Mkoani, magharibi bado kama robo saa. Kimvua kilikuwa kimekatika hivi punde na lami inateleza. Nakata kona nikakuta karafuu zimemwagika barabara nzima. Nilianza kuona karafuu kabla sijamuona kijana. Alikuwa kando ya mtaro, amelala chali, helmeti haipo, macho wazi. Nikaegesha, nikamwendea, nikamwita. Akanijibu. Akaniambia, "Ami, miguu siisikii."

Naomba muyashike maneno hayo.

Mimi nilipokuwa kijana nilipata mafunzo ya huduma ya kwanza. Nilijua mtu akisema hasikii miguu maana yake nini. Nilijua shingo na mgongo havitakiwi kuguswa ovyo. Nikapiga magoti, nikamshika kichwa kwa mikono miwili, nikamwambia asijigeuze. Hapo hapo watu wakafika, maana kwetu hukai chini dakika tano bila ya watu kufika. Akaja mtu mzima mmoja, umri wa baba yangu, mwenye heshima yake pale kijijini, sauti kubwa. Akasema, "Mnamtazama nini? Mpakieni!"

Nikafungua mdomo niseme la. Nikaona muhali.

Wenzetu wa bara huenda neno hili hamlitumii kama sisi. Muhali ni ile haya ya kumkatalia mtu, khasa mkubwa wako, khasa mbele za watu. Kwa muhali tunakopesha pesa tunazozihitaji wenyewe, na kwa muhali tunaacha mtu mzima akosee kuliko kumrekebisha hadharani. Mimi kwa muhali niliondosha mikono yangu kwenye kichwa cha yule kijana. Wanne wakamnyanyua, wawili mikono, wawili miguu, kichwa kikalegea nyuma hakuna aliyekishika, wakamkunja kwenye kiti cha nyuma cha gari yangu baina ya makreti ya mikate. Nikaendesha mbio. Njiani akawa analalamika pumzi.

Hospitali tuliyofika tukaulizwa PF3, ile fomu ya polisi, kabla ya kuulizwa kilichomsibu. Nikatoka kwenda polisi, nikaandika maelezo, nikarudi. Nilifika nyumbani saa sita ya usiku, na mke wangu akanipokea kwa kilio kwa damu aliyoiona kwenye kanzu.

Kijana yu hai, alhamdulillah. Anatembelea kiti cha magurudumu. Mfupa wa shingo. Mpaka leo sijui kama ulivunjika pale alipoanguka au pale tulipomnyanyua. Daktari hakuniambia, na mimi sikuuliza.

Kuna bibi mmoja siku ile, sitamsahau. Sisi tukiondoka yeye aliinama barabarani na kanga yake, akaziokota karafuu zote mpaka giza likaingia, akazipeleka kwa wazee wa kijana zikiwa zimefungwa. Kila ninaposoma watu wanaandika kwamba siku hizi hakuna huruma, namkumbuka yeye. Huruma tunayo. Kinachotukosa pale ni mtu mmoja wa kusema "subirini", na wengine wakamsikia.

Kwa hivyo tangu siku ile mimi nina utaratibu wangu. Nikiona ajali sisimami juu yake. Napita kidogo, naegesha pembeni, nawasha taa za hazadi, kisha wa kwanza anayefika namtuma nyuma ya kona akaweke matawi barabarani, maana gari inayokuja nyuma haijui kama kuna watu wamepiga magoti kwenye lami. Matawi yakae mbali, kabla ya kona, si mita tano. Wa pili namwambia apige 112, namba ya dharura, na ampigie sheha, kiongozi wa serikali wa pale mtaani. Namuonyesha kwa kidole: "Wewe mwenye fulana nyekundu, piga simu." Ukisema "jamani mtu apige simu" hapigi mtu. Honda au gari iliyoanguka izimwe swichi, na mwenye sigara aondoke.

Halafu ndio namtazama mgonjwa. Na akija mtu mzima akasema mpakieni, siku hizi namjibu kwa adabu lakini kwa sauti: "Mzee wangu, shikamoo, huyu shingo yake inaweza kuwa imevunjika. Nisaidie wewe kuwazuia hawa vijana." Nimeligundua hili baadaye: mtu mwenye sauti kubwa ukimpa kazi ya kuzuia, anazuia vizuri kuliko wewe.

Nataka kusikia kwenu. Wanaosimama, na wasiosimama pia. Na kama humu yumo mtu wa hospitali, tafadhali anirekebishe.

Nesi wa Zamu

Wa alaykum salaam kaka. Nimekusoma mpaka mwisho na nimekaa kidogo kabla ya kujibu. Nafanya kazi chumba cha dharura hapa Unguja, miaka kumi na moja sasa.

Kwanza, usijihukumu kwa jambo ambalo hata sisi wenye picha ya eksirei huwa hatuwezi kulisema kwa yakini. Mtu aliyekwambia pale pale hasikii miguu, inawezekana kabisa uti wa mgongo ulikuwa umeshaumia kabla hujafika. Hilo nakwambia si kukubembeleza, ndivyo lilivyo. Lakini uliyoyaandika kuhusu kunyanyua ni kweli tupu. Tunaletewa watu wamekunjwa kwenye kiti cha nyuma kidevu kimegusa kifua, njia ya hewa imebanwa. Wewe ulisikia akilalamika pumzi, ndio hiyo.

Sasa niwape mpangilio tunaoutamani sisi tunaopokea. Cha kwanza kabisa ni damu inayomwagika kwa nguvu. Mtu mzima ana damu kama lita tano tu, na mshipa mkubwa wa paja ukikatika anaweza kumalizika ndani ya dakika chache, kabla hata hujamaliza kubishana nani ampakie. Chukua kanga, kikoi, shati, kunja, weka juu ya jeraha, bonyeza kwa mikono miwili na uzito wako wote, na usifunue kila dakika kuchungulia. Ikilowa, ongeza nyengine juu. Kama kuna chuma au kijiti kimeingia mwilini usikichomoe, zungushia nguo pembeni kisitikisike. Na naomba, naomba sana, msitie kahawa, sukari, dawa ya meno, mafuta ya taa wala majivu. Tunapoteza muda mwingi kuviosha vitu hivyo.

Cha pili pumzi. Kama hajitambui na anakoroma au anatoa mlio wa maji, njia imeziba. Usimvute kichwa nyuma. Kaa upande wa kichwa chake, weka vidole nyuma ya pembe za taya, sukuma taya mbele. Akitapika, mgeuzeni ubavu wote kwa pamoja kama gogo, mmoja ameshika kichwa na ndiye anayehesabu moja, mbili, tatu. Aliyeshika kichwa ndiye mkubwa wa pale, hata kama ana miaka ishirini na wengine wote wana mvi. Hapa ndipo muhali wako kaka unapoondoka wenyewe, kwa sababu kazi imempa cheo.

Helmeti iacheni kichwani kama anapumua. Ivueni pale tu ambapo hapumui na hamna njia nyengine, na wavue wawili, mmoja ashike shingo. Maji msimpe, hata akiomba, hata akilia kwa kiu. Huenda akaingia chumba cha upasuaji saa hiyo hiyo, au yakamwendea mapafuni. Najua kwetu kumnyima maji mgonjwa ni jambo zito. Mlowesheni midomo basi.

Akiwa hapumui kabisa, shindilia kifua: katikati, viwiko vimenyooka, kina cha sentimita tano mpaka sita, mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Mtachoka haraka, pokezaneni.

Na kumbeba. Kama kuna njia ya kuisubiri gari ya wagonjwa, subirini naye hapo hapo. Nayajua mazingira yetu, mara nyengine haiji au iko mbali, na huwezi kumuacha mtu barabarani usiku. Basi tafuteni kitu kigumu kilichonyooka: mlango, ubao, kitanda cha kamba kilichokazwa. Pikapu ni bora kuliko gari ndogo kwa sababu analala. Mmoja ashike kichwa safari nzima. Na dereva asiende mbio! Dakika tatu unazookoa kwa kukimbia unazilipa kwenye kila shimo.

Kuhusu PF3: hiyo ni fomu ya polisi ya kuandikia majeraha kwa ajili ya kesi. Haikuwekwa iwe tiketi ya kutibiwa. Mtu anayevuja damu anatibiwa kwanza, fomu inafuata. Ukikutana na anayekuzuia mlangoni, mwambie kwa upole kwamba unataka kuzungumza na daktari wa zamu. Nenda moja kwa moja, usibaki kwenye dirisha.

Dereva wa 116

Mimi nitakuwa mkweli, sisimami. Na si kwamba sina roho.

Naendesha daladala ya 116, Nungwi–Darajani. Miaka minne nyuma nilimkuta mzee wa baskeli amegongwa, aliyemgonga keshakimbia. Nikasimama, nikashusha abiria wawili wanisaidie. Watu wakatoka majumbani wakakuta gari yangu iko mbele na mzee yuko chini. Wakaamua ni mimi. Walinikamata shati, kioo cha pembeni kikavunjwa, funguo zikachukuliwa. Aliyeniokoa ni mama mmoja abiria aliyepiga kelele kuapa kwamba tumekuta. Baada ya hapo gari ikakaa kituoni siku mbili kwa uchunguzi, na tajiri wangu anataka hesabu yake ya kila siku. Nani alinilipa?

Siku hizi nikiona ajali nakwenda mpaka kituo cha polisi cha mbele, naripoti, naendelea. Mniambie kosa langu.

Mwana wa Mtambile

Kaka 116, sikulaumu hata kidogo, na nashukuru umesema wazi, maana wengi wanayafanya hayo na hawasemi. Kuripoti ni msaada. Ni bora mara mia kuliko kupita na kupiga picha.

Lakini sikiliza nililojifunza. Ulisimama peke yako, ukaegesha mbele ya mzee, na ukamkimbilia. Mimi sasa nikisimama, kabla sijamgusa mtu, naisimamisha na gari ya pili. Nasimama kando, nainua mikono miwili, mpaka mtu asimame. Hata akiwa na haraka namwambia dakika mbili tu, uwe shahidi kwamba umenikuta hivi. Halafu napiga picha moja ya gari yangu mbele, haina mkwaruzo, na pahala ilipo. Si picha ya mgonjwa, gari tu na barabara. Nampigia sheha wa shehia ile au mtu yeyote ninayemjua pale, namwambia jina langu na ninachokiona. Mtu anayepiga simu kujitaja kwa sauti huwa hashukiwi kirahisi. Wewe una abiria kumi na kitu ndani, hao wote ni mashahidi, waambie washuke wasimame wajulikane. Utingo wako ndiye aende kwenye matawi.

Haikulipi kioo chako, najua. Wala hesabu ya siku mbili.

Mpemba Ughaibuni

Niko Ujerumani mwaka wa tisa. Huku hupewi leseni ya gari mpaka uonyeshe karatasi ya kozi ya huduma ya kwanza, vipindi tisa vya dakika 45. Kila gari lazima iwe na sanduku la dawa, ile pembetatu ya kuakisi na kizibao cha kung'aa. Na kupita mtu aliyeumia bila ya kumsaidia wakati unaweza ni kosa la jinai, kifungo mpaka mwaka mmoja au faini. Nilipofika niliona ni ukali. Sasa naona ile kozi ndio muhimu kuliko kifungo, kwa sababu mtu akishajua afanye nini hahitaji kutishwa.

Lakini jibu la kaka 116 liko India zaidi kuliko huku. Wao walikuwa na tatizo lile lile letu, watu wanaogopa polisi na mahakama. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu yao ikaupa nguvu mwongozo wa kumlinda msaidizi, na mwaka 2019 ukaingizwa kwenye sheria ya magari: aliyesaidia kwa nia njema hashitakiwi kwa kusaidia kwake, na halazimishwi kutoa jina. Sisi tunawapeleka wagonjwa wetu India kila siku. Na hili tungelileta. Wawakilishi wetu wanakaa Chukwani, hawako mbali.

Mkojani

Wanangu, mimi ni mtu wa Kojani, nimevua miaka arobaini na nimekuwa sheha miaka kadhaa kabla ya kustaafu. Niseme kidogo.

Baharini hakuna uzi kama huu. Ukiona chombo kimepinduka unageuza tanga. Huulizi nani alikosea, hufikiri samaki wako wataharibika, wala hakuna anayekushuku kwamba wewe ndiye uliyewazamisha. Usiku ule wa Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama ikija Pemba, watu wa Nungwi walitoka na mashua na boti zao kabla ya kuambiwa na mtu. Hakuna aliyeonewa kwa kuokoa.

Kwa nini nchi kavu iwe vyengine? Mimi naona ni hivi: baharini kila mtu anajijua kwamba kesho atakuwa yeye. Mwenye gari hajioni hivyo. Halafu jengine, chomboni nahodha ni mmoja. Ikija dhoruba hata babu yake aliyemo chomboni humsikiliza. Bi Nesi amesema sawasawa, aliyeshika kichwa ndiye nahodha.

Kwa masheha walio humu: tuwaambieni watu misikitini na kwenye mikutano ya shehia, mtu akisimama kusaidia katika eneo letu ni mgeni wetu. Asiguswe mpaka maelezo yapatikane. Nilipokuwa kazini nilimtoa dereva mmoja mikononi mwa vijana wetu wenyewe, na alikuwa hana kosa. Niliona haya kwa niaba ya kijiji kizima.

Mama Watoto Wanne

Mimi si dereva. Mwanangu wa pili aligongwa akitoka skuli, Micheweni, alikuwa darasa la tatu. Dereva wa gari ya mchanga, aliyekuwa anapita tu, alimfunga mguu kwa kikoi chake na akamshika mpaka hospitali huku utingo akiendesha. Alipofika akatuachia mtoto, akaondoka. Hatujui jina lake wala kijiji chake. Daktari alisema bila ya kile kikoi asingefika.

Kikoi ninacho. Nimekifua, damu haikutoka yote. Kama unasoma humu, baba, nakutafuta nikurejeshee.

Nesi wa Zamu

Dada yangu, umeniliza zamu haijaanza.

Naongeza moja tu kwa madereva. Mkituletea mtu, kabla hamjaondoka tupeni mambo matatu: ilitokea saa ngapi, aligongwa na nini au alianguka vipi, na je alipoteza fahamu hata kidogo. "Alizimia kisha akaamka" ni maneno yanayobadilisha kabisa tunavyomtazama, kwa sababu damu inaweza kuwa inavuja kichwani polepole na yeye anazungumza vizuri. Mkishasema hayo nendeni na amani. Dunia nzima wanakufa watu takriban milioni 1.19 kwa mwaka barabarani, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kinachoua watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29 kuliko ajali hizi. Ninaowapokea mimi wengi ni wa umri huo huo, na wengi ni wa honda.

Kaka wa Mtambile, nina likizo mwezi ujao, nakuja Pemba kwa wazee. Ukinipatia uwanja na watu, nitawafundisha kumgeuza mtu kama gogo na kuzuia damu. Saa mbili zinatosha.

Mwana wa Mtambile

Bi Nesi, uwanja upo. Nimeshazungumza na mwalimu mkuu wa skuli yetu leo baada ya alasiri, amekubali, Jumamosi ya pili ya mwezi. Vijana wa honda wa kituo cha Mtambile nimewapitia mmoja mmoja, kumi na wanane wamesema watakuja.

Na yule kijana wa karafuu nilimpigia kumueleza. Sikujua atalipokeaje. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza wataletwa watu wa kujifanya wagonjwa au vipi. Nikamwambia ndiyo, tutahitaji mtu wa kulala chini. Akasema, "Basi mimi nitakuja kukaa pale kwenye kichwa, niwaambie inavyokuwa." Nitampitia na gari. Kiti chake kinaingia nyuma nikishusha makreti.

Kila mtu aje na kanga au kikoi kikuukuu. Milango ya kubebea ninayo miwili, natafuta wa tatu.